Bei ya Mwanga wa Jua

Jua halina mwenyewe. Huchomoza juu ya nyumba ya ghorofa na juu ya nyumba ya udongo kwa saa ile ile, wala halimdai mtu kodi. Katika nchi yetu, iliyopitwa katikati na mstari wa Ikweta, mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Siku ya Juni na siku ya Desemba hufanana kama mapacha. Wenzetu wa kaskazini hulingoja jua kwa miezi, hali sisi twalikimbia tukitafuta kivuli. Basi, msomaji, yastaajabisha kwamba kitu kitolewacho bure nje ya mlango huingia ndani kwa bei, na kwamba bei hiyo yaweza kumnyima mtu usingizi.

Nataka tulitazame pamoja swali moja ambalo laonekana kuwa la dukani, lakini mimi naliona kuwa la dhamiri: je, kuweka paneli ya sola nyumbani kwastahili gharama yake? Watu wengi hulijibu upesi. Muuzaji husema ndiyo, kwa sababu ni muuzaji. Mwenye stima ya nguzo husema ya nini, kwa sababu ana swichi ukutani. Mimi nami nililijibu upesi siku moja, na jibu langu likalipwa na mtu mwingine.

Mtu huyo ni mama mmoja mjane wa upande wa Kinango, katika Kwale, ambaye mwanawe alikuwa darasani mwangu. Alinijia mwaka 2021, baada ya kuuza mbuzi wawili. Fedha za mbuzi wa kwanza zilikuwa za sare na madaftari. Za wa pili alikuwa nazo mkononi, amezifunga katika pindo la leso.

"Mwalimu," akasema, "watu wa sola wamepita kwetu. Wataka malipo ya kwanza, kisha shilingi 50 kila siku kwa njia ya simu, mpaka siku 400 ziishe. Watanipa paneli, taa tatu, na mahali pa kuchaji simu. Nichukue, au nisichukue?"

Nyumba yake ilikuwa na kibatari kimoja. Mtoto alisoma uso wake ukiwa karibu na moto, na asubuhi alikuja shuleni na masizi puani. Madaftari yake yalikuwa na madoa ya mafuta. Nilikuwa nimekwisha kumkaripia mara mbili kwa sababu ya madoa hayo. Nikasema, "Mama, chukua. Mwanga ni elimu." Yalikuwa maneno mazuri, yangefaa kuandikwa ubaoni. Sikumwuliza mvua isiponyesha atalipa kwa kitu gani.

Kabla hujanihukumu, msomaji, twende kwanza katika hesabu, maana wengi hupotea hapo, wenye kusifu na wenye kulaumu.

Umeme huuzwa kwa uniti, yaani nguvu ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Tuseme mtu wa mjini hulipa shilingi 30 kwa uniti. Paneli ya yule mama ilikuwa ya wati 20. Kwa siku njema hupata jua kali la kadiri ya saa tano, na 20 mara tano ni 100. Basi paneli ile ilimpa sehemu moja ya kumi ya uniti kila siku, kitu ambacho mjini chauzwa kwa shilingi tatu. Naye atozwa 50! Mtu wa mjini akiona hesabu hii hucheka, akasema kwamba watu wa shamba wamedanganywa.

Lakini acheke polepole. Uniti moja yaweza kujaza betri za simu ndogo zaidi ya 50. Yule mama, kabla ya sola, aliipeleka simu yake sokoni, akalipa shilingi 20 kila mara. Zidisha 20 kwa 50: ni shilingi 1,000. Mwenye nyumba ya ghorofa hununua uniti kwa shilingi 30, na mjane wa nyumba ya udongo huinunua kwa shilingi 1,000, na juu ya hayo hutembea kwa miguu kwenda na kurudi.

Kibatari nacho kina habari yake. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa, ili kuwazuia wadanganyifu waliokuwa wakiyachanganya na dizeli na kuiuza kwa wenye magari. Nia ilikuwa njema. Walakini dhambi ilikuwa ya wenye matangi, na adhabu ikaingia katika kibatari cha mtu ambaye hana hata baiskeli. Nilipomhoji yule mama baadaye, tukahesabu mafuta na simu pamoja, tuliona kwamba giza lake lilikuwa likimgharimu karibu shilingi 30 kwa siku. Giza halikuwa bure. Asemaye kwamba maskini hana haja ya kutumia fedha kwa ajili ya mwanga hajui kwamba maskini amekwisha kuzitumia.

Hutasema pia kwamba angengoja nguzo. Ni kweli kwamba mwaka 2015 ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa watu waliokaa karibu na transfoma. Aliye mbali na transfoma, hata angekuwa nazo hizo 15,000, hana pa kuzipeleka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, nusu hivi ya nyumba za Kenya ndizo zilizokuwa zikiwasha stima ya nguzo. Na karibu nyumba moja katika kila tano ilipata mwanga wake kwa sola. Hawa si wajinga wachache waliopumbazwa na matangazo. Ni mamilioni ya watu waliopiga hesabu zao jikoni, kwa vidole.

Na chombo chenyewe si cha kubeza. Mwaka 1954, huko Marekani, mafundi wa maabara ya Bell walionyesha kipande cha silikoni, asili yake mchanga, ambacho kilipokea mwanga wa jua na kugeuza kadiri ya sehemu 6 katika 100 kuwa umeme. Paneli za kawaida za leo hugeuza sehemu 20 hivi. Mwaka 1958 vipande vya namna hiyo vilirushwa angani pamoja na setilaiti iitwayo Vanguard 1, wakati ambapo bei yao ilikuwa kubwa mno kwa bati la nyumba ya kawaida. Kwa hiyo paneli ilifika mbinguni kwanza, na Kinango baadaye.

Basi kama giza lilimgharimu 30 na sola ikamgharimu 50, tofauti ni shilingi 20 kwa siku, kwa siku 400, na baada ya hapo hapana malipo tena, na mwanga ni mwingi kuliko wa vibatari kumi. Hesabu hii ndiyo niliyokuwa nayo kichwani. Haina kosa la kujumlisha wala la kutoa. Kosa lake ni jingine, nami nililiona mwaka uliofuata.

Mafuta ya taa hununuliwa kwa kadiri ya mfuko. Ukiwa na shilingi kumi, muuzaji hukupimia ya shilingi kumi. Usipokuwa na kitu, walala mapema, na asubuhi huamki na deni. Maskini huijua njia hii tangu utoto: mambo yakiwa mabaya hujikunja, yakiwa mema hujikunjua. Lakini deni halijikunji. Siku ya njaa lataka 50, na siku ya shibe lataka 50. Nilipomwambia achukue sola, nilidhani namwongezea mwanga tu, kumbe nilikuwa namwondolea uwezo wa kujikunja.

Mvua zilikuwa zimekwisha kukosekana msimu baada ya msimu, na mwaka 2022 ukame ulifika mahali pabaya. Mbuzi walikonda hata hapana aliyewataka. Nilikwenda kwake jioni moja kumwuliza kwa nini mtoto hakuonekana shuleni. Jua lilikuwa bado halijatua; lilikuwa limeipiga paneli juu ya bati hata inang'aa. Nikainama kuingia ndani, na pale juu ya kigoda kiliwaka kibatari.

Nadhani waelewa, msomaji. Katika kisanduku cha betri kuna kifaa kihesabucho siku zilizolipiwa. Zikiisha, taa hufungwa. Paneli haijaharibika, betri haijafa, waya haujakatika, na jua liko pale pale; lakini mwanga umefungwa kama mtu aliyefungwa mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Je, ni haki? Hapa nimewasikia watu wazima wakigombana, nami nimekuwa mara upande huu na mara upande ule. Tuwape wenye kampuni haki yao. Walimwamini mwanamke asiye na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara, ambaye benki isingemfungulia hata mlango wa mbele. Waliweza kumwamini kwa sababu ya kufuli ile. Iondoe kufuli, na kesho hapana atakayemkopesha mtu wa Kinango taa tatu. Na wale waliolipa kwa shida wataona kwamba uaminifu wao ulikuwa ujinga. Hoja hizi ni nzito, wala hazijibiwi kwa hasira.

Lakini tazama kufuli yenyewe. Zamani mtu akikopa mbuzi wa maziwa, akachelewa kulipa, mwenye mbuzi alikuja kwa miguu. Alikuja kugomba, naam, pengine kwa maneno makali. Walakini alipokuja aliliona shamba limekauka, aliwaona watoto, naye mwenyewe alikuwa ametoka nyumbani ambako mvua haikunyesha pia. Alipewa maji, akaketi, na katika kule kuketi muda ukaongezwa. Deni lilikuwa na uso. Kisanduku cha sola hakina macho ya kuuona ukame. Hakimchukii mtu, wala hakimhurumii, huhesabu. Mdaiwa hana wa kumwambia neno. Yule mama aliniambia kwamba alipiga simu mara tatu, na mara zote alijibiwa kwa adabu na mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kuamua jambo lolote. Kwangu mimi ubaya haukuwa kudaiwa, maana aliyekopa hana budi kudaiwa. Ubaya ulikuwa kudaiwa na kitu kisichoweza kusikia.

Tajiri hapatwi na haya. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukashikwa na giza, wenye paneli pana na betri nzito walikaa barazani wakitazama giza la wenzao. Walikuwa wamelipa mara moja, kwa fedha taslimu. Wenye mapaa makubwa, viwanda na vyuo, huendelea kuzipunguza bili zao kwa jua; na wakizidi kujitenga, mtu aweza kuuliza ni nani atakayebaki kuzilipia nguzo na nyaya. Swali hilo lafaa mjadala wa darasa zima, nami nalipita.

Silipiti lakini neno la betri, kwa sababu hapo nina hatia yangu mwenyewe. Mimi nilinunua sola yangu taslimu mwaka 2019: paneli ya wati 100, na betri kubwa ya asidi na risasi, ya jamii moja na zile za magari. Sisemi risasi ya bunduki. Nasema madini yale mazito ya kijivu. Fundi alinionya nisiitumie betri kupita nusu yake. Nilimsikia, kisha nikatazama mpira. Paneli hudumu miaka 25 na zaidi, nayo yangu ingali nzima; betri ilikufa katika mwaka wa pili. Akapita mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na mizani yake imefungwa nyuma ya baiskeli, akaipima, akanipa noti chache. Nilifurahi. Sikumwuliza aipeleka wapi.

Yafaa kila mwenye betri ajue habari ya Owino Uhuru, mtaa wa watu wa chini katika Mombasa. Karibu na nyumba zao palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kutoa risasi. Moshi na maji machafu vikawafikia, na watoto wakapimwa wakaonekana na risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani pale na ambaye mwanawe mchanga aliugua, aliongoza madai ya wakazi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikakatiwa rufani, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikalirudisha agizo hilo la malipo. Betri yangu haikupita pale, maana kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Lakini ilipita mahali fulani. Katika karatasi yangu ya gharama niliandika paneli, betri, waya, taa, na ujira wa fundi. Mtoto ambaye moshi wa betri yangu ulimpitia dirishani sikumwandika.

Basi nikiulizwa leo, sitasema tena "chukua" kwa pumzi moja. Nasema kwamba sola yastahili gharama yake, na zaidi kwa yule aliye mbali na nguzo, ambaye giza limekwisha kumfilisi kidogo kidogo. Lakini kwanza ajue deni lake litafanya nini katika mwaka mbaya, maana mwaka mwema hauhitaji shauri la mtu. Ziko taa ndogo za sola, na paneli yake ni sawa na kiganja, ambazo mbuzi mmoja hununua na chenji ikabaki. Hazipendezi machoni, hazichaji simu kumi, lakini hapana azifungaye kutoka mbali. Aanze na hiyo. Akope baadaye, ikimlazimu, na siku ya kukopa aulize jina la mtu atakayemsikiliza mvua isiponyesha. Na anunuaye betri na aulize, siku hiyo hiyo ya kununua, itazikwa wapi. Najua kwamba muuzaji atamshangaa.

Mvua zilirudi mwaka 2023, na mwanzoni mwa mwaka 2024 yule mama alimaliza deni lake. Siku 400 zilikuwa zimechukua karibu miaka mitatu. Nilikwenda kumtazama, nikamwambia yaliyokuwa moyoni mwangu.

"Mama, nilikukosea kwa shauri langu."

Alinyamaza kidogo, akafagia mahali palipokuwa safi.

"Mwalimu, wewe wahesabu habari ya vitabu," akasema. "Mimi sikuichukulia vitabu ile taa. Nilikuwa na mama mkwe wangu ndani, mgonjwa. Usiku aliponiita, nilibonyeza swichi nikamwona uso, nikajua kama ni maumivu au ni ndoto tu. Ikiwa ni ndoto, nilimshika mkono akalala. Walipoifunga, nikarudi kupapasa. Mpaka nikiwashe kibatari, yeye amekwisha kuogopa."

Mavyaa wake alifariki Septemba 2022, katika miezi ile ya kufungwa. Nilikuwa nimekwenda kwenye matanga, nikatoa mchango wangu, nikarudi nyumbani. Wala sikuwahi kulitia jambo hilo katika hesabu yoyote. Sikujua ni safu gani ya kuliandika, nami mpaka leo nikifundisha watoto faida na hasara, upande wa kushoto na upande wa kulia, hulikumbuka na chaki mkononi.

"Ungeniambia nianze na taa moja ndogo," akaongeza, "nisingekataa. Yeye alihitaji moja tu."

Tukakaa. Kisha akachukua simu yake, akanipa nimsomee ujumbe ulioingia jana yake. Watu wa sola walimpongeza kwa kumaliza malipo. Kwa kuwa amekuwa mteja mwema, wamemruhusu kuchukua runinga kwa mkopo, bila malipo ya kwanza, na kila siku atalipa kidogo kidogo.

"Nichukue, Mwalimu, au nisichukue?"

Nilimrudishia simu, nikamwuliza mbuzi wamebaki wangapi.